Kabla ya kuongeza soketi katika nyumba za wazee wetu, tuulize ethi iko wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nilipomaliza kuikarabati nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Ngamiani, Tanga. Kila nyumba inapoungua, magazeti yetu huandika kwamba chanzo kinadhaniwa kuwa hitilafu ya umeme, na habari huishia hapo, kana kwamba hitilafu ya umeme ni radi iliyoshuka na kuchagua paa la mtu. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na ninajua kwamba hitilafu hiyo huwa na mahali ilipoanzia na siku ilipoanza, na mara nyingi nyuma yake yupo mtu aliyetaka soketi moja zaidi akaipata kwa njia ya mkato.

Nyumba yetu ni ya aina inayojulikana na kila mtu wa mwambao: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wenye jiko, choo na bafu. Kuta ni za mawe na chokaa. Umeme uliingizwa mwaka 1974, na baba aliona fahari kubwa kuweka taa moja kila chumba pamoja na soketi mbili tu, moja ya redio ukumbini na nyingine ya pasi chumbani kwake. Nyumba za namna hii ni nyingi mjini kwetu, kwa sababu umeme wa maji ya mto Pangani uliifikia Tanga mapema kuliko miji mingi, na kituo cha Hale kilipoanza kazi mwaka 1964 kulikuwa na mitaa iliyokwisha kuzoea swichi. Soketi mbili ziliwatosha watu wa wakati ule. Leo katika vyumba vilevile kuna friji, feni, televisheni, birika la umeme, pasi na chaja za simu zisizohesabika, na sasa limeongezeka jiko la presha la umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwisho wake, nami nauunga mkono kwa moyo wote, maana mama yangu alipika kwa mkaa hadi macho yakamtoka machozi ya kudumu. Lakini jiko hilo lazima lichomekwe mahali, na katika nyumba ya mwaka 1974 mahali hapo hapakuwahi kufikiriwa.

Niseme kwanza kuhusu kandambili. Katika nyumba yetu, kwa miaka mingi, mtoto aliyetaka maji baridi aliambiwa avae kandambili kabla ya kufungua friji, kwa kuwa friji lilikuwa linapiga. Hakuna aliyeona ajabu. Mgeni akija alionywa kwa upole, kama anavyoonywa kuhusu kizingiti kilichoinuka. Baadaye pasi nayo ilianza kupiga, kisha feni ya chuma, nasi tukasema vyombo vimezeeka. Mimi mwenyewe, mwalimu wa fizikia, nilipokuja likizo nilivaa kandambili na kufungua friji bila kujiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili: kwa nini umeme uko kwenye bati la friji, na kwa nini haujapata njia nyingine ya kwenda ardhini isipokuwa mwili wa mtoto?

Tulipoamua kukarabati, ndugu tulikubaliana kuongeza soketi 14. Fundi wa kwanza tuliyemwita alizunguka vyumbani kwa dakika kumi, akasema kazi ni ya siku mbili. Mpango wake ulikuwa kuchukua umeme kwenye swichi ya taa ya kila chumba na kuushusha ukutani hadi kwenye soketi mpya. Nilipomuuliza kama nyaya za taa zitaweza, alinijibu kwamba waya ni waya. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa na mtu aliyefundishwa hivyo, na wenye nyumba kama sisi tumemzoesha kwamba anayemaliza haraka kwa bei ndogo ndiye fundi hodari.

Waya si waya tu. Nyaya za taa katika nyumba za zamani zilipimwa kwa inchi, na aliyezivua ganda atakuta nyuzi tatu za shaba ambazo jumla yake ni kama milimita za mraba 1.3, ilhali waya wa soketi wa enzi hiyo ulikuwa na nyuzi saba, karibu milimita za mraba 3. Fyuzi ya taa ilikuwa ya ampea 5. Sasa chukua birika la wati 2,200 ukaligawanya kwa volti 230 za umeme wetu: utapata zaidi ya ampea 9. Ongeza pasi ya wati 1,200 katika chumba cha pili kwenye sakiti hiyohiyo, yaani njia ileile ya nyaya, na umekaribia ampea 15. Fyuzi itakatika jioni ya kwanza, na hiyo ndiyo kazi yake. Balaa huanza pale mwenye nyumba anapochoka kukaa gizani, akaambiwa aweke uzi mnene zaidi wa shaba kwenye fyuzi ili isikatike tena. Kuanzia siku hiyo fyuzi imeacha kuwa sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme, na sehemu dhaifu imehamia ndani ya dari, ambako hakuna jicho linaloiona. Joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ukizidisha ampea mara mbili, joto linazidi mara nne, na ukizidisha mara tatu, joto linazidi mara tisa. Niliandika kanuni hiyo ubaoni kwa miaka 31. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi apande juu ya dari ya nyumbani kwao akaangalie inavyofanya kazi.

Hatari nyingine katika mpango ule ilikuwa kwenye maungio. Kila soketi inayodandia swichi ya taa inahitaji kiungo, na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu hulegea kadiri shaba inavyopata joto na kupoa, hasa mwambaoni kwetu ambako hewa ya chumvi hula kila chuma. Kiungo kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, na kikapitisha ampea 10, kinatoa wati 50 za joto katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole. Pasi ya kulehemia ya fundi redio mara nyingi haifiki wati hizo, nayo inayeyusha risasi. Wala fyuzi, au breka, ile swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, haitasema neno, kwa sababu ampea 10 kwao ni mkondo wa kawaida. Huo ndio moto unaoanza usiku pasipo mtu kugusa kitu.

Tulimwita fundi wa pili, kijana mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ambaye alinionyesha leseni yake kabla sijamwomba. Sikutarajia swali lake la kwanza. Hakuuliza tunataka soketi wapi. Aliuliza, "Mwalimu, ethi ya nyumba hii iko wapi?" Ethi ni njia ya waya inayoupeleka ardhini umeme unaovuja kwenye bati la chombo. Nilimpeleka kwenye meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, tukaufuata waya wa kijani uliotoka hapo, ukashuka nje ya ukuta wa ua, ukafungwa kwa kibano cha shaba kwenye bomba la maji la chuma. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika nyumba nyingi zamani, na kwa wakati ule ilikuwa na mantiki, maana bomba la chuma lilitembea ardhini mita nyingi na kuipeleka hitilafu yoyote kwenye udongo. Kijana akachimba kidogo kwa bisibisi chini ya kibano. Baada ya sentimita 20 bomba la chuma likaisha, likaendelea la plastiki. Nikakumbuka kwamba fundi bomba alikuwa amebadilisha mabomba yaliyooza miaka mingi nyuma. Alifanya kazi nzuri ya maji, na bila kujua akaikata ethi ya nyumba nzima. Fundi bomba hakuwa na sababu ya kufikiria umeme, na sisi hatukuwa na sababu ya kufikiria bomba.

Fumbo la kandambili likafumbuka palepale. Waya za kijani za soketi zote zilikuwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe, lakini hazikuungana na ardhi. Friji lilipoanza kuvuja umeme kwenye bati lake, umeme huo ulipanda kwenye waya wa kijani, ukakosa pa kwenda, ukasambaa kwenye pasi, feni na kila chombo cha bati kilichochomekwa. Vyombo havikuwa vimezeeka vyote kwa pamoja. Kimoja kiliugua, na ethi isiyo na ardhi ikausambaza ugonjwa wake kwa wenzake. Kama tungeongeza soketi 14 juu ya hali ile, kila moja ikiwa na tundu lake zuri la tatu, tungekuwa tumefungua milango 14 mipya ya hatari hiyohiyo ndani ya vyumba wanamolala wajukuu.

Hapa ndipo ninapoomba wasomaji wanivumilie, kwa kuwa ndipo penye kiini cha barua yangu. Kijana alipigilia ardhini nondo ya ethi iliyopakwa shaba, mahali pa ua panapopata unyevu, akapima kwa kipimo chake. Kilisoma omu 46. Nilifurahi nikidhani kazi imekwisha. Yeye akanikumbusha hesabu niliyopaswa kumkumbusha yeye: gawanya volti 230 kwa omu 46, utapata ampea 5. Maana yake ni kwamba waya wa moto, ule unaoleta umeme, ukigusa bati la friji, mkondo utakaokwenda ardhini ni ampea 5 kwa makadirio ya juu, na breka ya ampea 20 inayolinda soketi itautazama mkondo huo kama pasi iliyochomekwa, haitakata. Bati litabaki na umeme wa kuua, na ethi ipo. Kwa nyumba zinazotegemea nondo zao wenyewe, kama ilivyo yetu, ethi peke yake haitoshi. Inahitaji mwenzake, kifaa ambacho mafundi wanakiita kwa herufi zake tatu, RCD, kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Kikiona kwamba miliampea 30 zimepotea njiani, yaani sehemu ndogo sana ya ampea moja, kinakata umeme kwa muda mfupi kuliko mpigo mmoja wa moyo. Ampea 5 zinazovuja kwenye friji kwake ni kelele kubwa.

Bei ya kifaa hicho haifiki bei ya mlango mmoja wa mninga. Tulikuwa tumepanga kubadilisha milango minne. Tulibadilisha mitatu.

Nisieleweke kwamba RCD inamaliza kila kitu. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili, kifaa kitamwona kama balbu, hakitakata. Wala hakilindi waya uliozidiwa na mzigo. Hiyo ni kazi ya breka. Kina kitufe cha kujaribia ambacho kinapaswa kubonyezwa mara kwa mara ili kijulikane kama bado kinaruka, nami nimeifanya kazi hiyo iwe ya mjukuu wangu mkubwa kila mwanzo wa mwezi. Hata hivyo kitufe hicho kinajaribu kifaa chenyewe, hakisemi lolote kuhusu hali ya nondo ya ethi. Nondo ina kipimo chake, na fundi asiye na kipimo hicho anabahatisha.

Baada ya ethi tulifika kwenye nyaya za zamani. Kijana alizima meni, akatoa balbu zote na kuchomoa kila chombo, kisha akapima nyaya kwa kifaa kinachopeleka volti 500 kuona kama ganda lake bado linazuia. Waya mzima unapaswa kuonyesha megaomu moja, yaani omu milioni moja, au zaidi. Sakiti ya vyumba vya kushoto ilifaulu. Ya kulia ilisoma chini sana, na tulipofungua dari tukakuta panya wamekula ganda la waya kwa urefu wa mkono mzima juu ya chumba alichokuwa akilala dada yangu. Nyaya hizo zilikuwa zikipitisha umeme kila usiku na taa zikiwaka vizuri kabisa. Ndiyo maana siuamini tena ule usemi wa mafundi wengi kwamba kama taa inawaka, waya ni mzima. Taa inawaka hata kwenye waya uliovuliwa.

Kuna jambo la fyuzi za zamani ambalo linawahusu hata wale wasiokarabati. Katika baadhi ya nyumba za wakati ule, fyuzi iliwekwa kwenye waya wa moto na nyingine kwenye nyutro. Ya nyutro ikikatika, taa inazimika, feni inasimama, na kila mtu anaamini umeme haupo, ilhali waya wa moto bado umejaa. Ubao wa fyuzi kama huo usiunganishiwe chochote kipya. Sisi tuliung'oa wote tukaweka kisanduku cha breka. Rangi nazo zinadanganya: nyaya za baba ni nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi, na nyaya mpya za dukani ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Mahali zinapokutana lazima pawekwe alama, kwa sababu katika mpangilio mpya wa njia tatu za umeme rangi nyeusi ni waya wa moto, na fundi kijana aliyezoea mpangilio huo anaweza kuishika nyeusi ya zamani kwa imani isiyo sahihi, au nyeusi mpya kwa imani ya zamani, ambayo ni mbaya zaidi.

Soketi zenyewe zilikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Tulivuta nyaya mpya za milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye kisanduku cha breka, sakiti moja kwa jiko la uani na nyingine mbili kwa vyumba na ukumbi, kila moja na breka ya ampea 20, na hakuna hata soketi moja iliyoguswa na nyaya za taa. Bafuni hatukuweka soketi. Vyumbani tuliziweka mbilimbili pande tofauti za ukuta, kwa kuwa ekstensheni inayopita chini ya mkeka ni dalili kwamba soketi imewekwa mbali na maisha ya watu, na katika vyumba vya uani ambavyo maji huingia masika, tuliziinua hadi mita moja.

Kuta za mawe na chokaa zinahitaji huruma. Ukichimba mfereji wa kulala kwa nyundo na tindo, jiwe moja huvuta la pili, na ukuta uliosimama miaka 60 unaanza kumwagika kama mchanga. Tulichimba mifereji ya kusimama tu, mifupi na isiyo na kina kirefu, kutoka darini moja kwa moja hadi kwenye soketi, na katika ukuta mmoja uliokuwa umechoka tulipitisha nyaya juu ya ukuta ndani ya paipu nyembamba ya plastiki. Dada yangu hakupenda sura yake. Nilimwambia kwamba waya unaoonekana hauwezi kupigiliwa msumari wa picha kwa bahati mbaya. Kwa sababu hiyohiyo waya uliofichwa usipite mshazari hata kama unaokoa mita mbili. Atakayeishi humo baada yetu atautafuta juu au chini ya soketi, kamwe hataufikiria katikati ya ukuta. Nilipiga picha kila ukuta kabla plasta haijafunika, na picha hizo ziko kwenye bahasha moja na hati ya nyumba.

Nilikaribia kusahau tukio la siku ya kwanza, pamoja na fundi yule wa awali, ambalo nikilikumbuka mwili bado unanisisimka. Uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zilikuwa zimekwisha. Akasema vizuri, umeme umekatika wenyewe, akafungua swichi na kushika nyaya kwa mikono mitupu. Meni ilikuwa imeachwa juu, haijazimwa. Mpangaji wetu mmoja, ambaye hakujua lolote, alikuwa amenunua umeme kwa simu na alikuwa ukumbini akibonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita. Alibakiza tarakimu chache nilipopiga kelele. Uniti kwisha, au umeme kukatika mtaa mzima, si kuzima umeme, kwa kuwa anayeurudisha yuko mbali na hakuoni. Kuzima ni kushusha meni kwa mkono wako, kuifunga au kumweka mtu mzima asimame hapo, kisha kupima waya unaotaka kuushika kwa kipimo ambacho umekijaribu kwanza mahali penye umeme.

Kuhusu vifaa, nitasema machache. Tulipeleka waya wa kwanza tulioununua kurudi dukani, kwa sababu fundi aliukwaruza kwa kisu na ndani ya wekundu wa shaba kukatokea weupe wa aluminiamu. Waya wa aina hiyo hupata joto zaidi kwa mzigo uleule, na hulegea kwenye skrubu. Mnunuzi atafute alama ya TBS, shirika letu la viwango, lakini pia aombe kukata kipande akione. Na kwenye soketi, naomba wazazi waache ile tabia ya kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu lile hufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, navyo viliwekwa ili mtoto asiweze kusukuma msumari ndani. Mtoto anayemwona baba yake akifungua kwa kalamu amekwisha kufundishwa.

Mhariri, nina maombi matatu, na yote yanawezekana. La kwanza ni kwenu wanahabari: nyumba inapoungua kwa hitilafu ya umeme, rudini baada ya wiki mbili mkaulize hitilafu gani. Kama ilikuwa kiungo darini, au fyuzi iliyowekwa uzi mnene, au soketi iliyodandia taa, liandikeni neno hilo, kwa kuwa msomaji mwenye dari kama hiyo ataamka na kwenda kuiangalia. La pili ni kwa ofisi za serikali za mtaa: majina ya mafundi wenye leseni katika eneo letu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, pale pale yanapobandikwa matangazo ya mikutano. TANESCO wajibu wao unaishia kwenye mita, na kuanzia hapo kuingia ndani ni sisi na fundi tuliyemchagua, na wengi wetu tunamchagua kwa kuuliza kijiweni.

Ombi la tatu ni kwa wenye nyumba wenzangu tunaopangisha vyumba. Mpangaji haruhusiwi kugusa meni, hawezi kupanda darini, na hana haki ya kuchimba ukuta, lakini ndiye anayelala chini ya nyaya hizo. Akitwambia kwamba friji linapiga, tusimwambie anunue friji jingine. Twende na fundi mwenye kipimo, tuufuate waya wa kijani kutoka kwenye meni hadi mwisho wake, na tuchimbe kidogo pale unapoingia ardhini. Katika nyumba yetu ilichukua chini ya saa moja. Nimewauliza majirani saba wa barabara yetu kama wanajua ethi zao zilipofungwa, na watano wamenionyesha bomba la maji.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Ngamiani, Tanga